Kupaka rangi nyumba yenye watoto: sebule sio ya wageni peke yao

Wamama wengi tukiamua kupendezesha nyumba swali la kwanza kichwani ni wageni watasema nini. Krismasi inakaribia, au mtoto ana kipaimara, au ibada ya nyumbani wiki ijayo ni zamu yetu, basi tunakimbizana na fundi, sebule inapakwa, makochi yanavalishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, kapeti linatandikwa, na kuanzia siku hiyo watoto wanaambiwa marufuku kukaa sebuleni, nendeni uani. Yaani mtoto anaishi kwa baba yake kama mpangaji anayedaiwa kodi. Mgeni mwenyewe anakuja mara moja moja, anakunywa soda yake, anasifia, anaondoka. Mi msimamo wangu ni kwamba nyumba ipangwe kwa ajili ya wanaolala humo, na hata hela na nguvu za kupaka rangi zifuate hapo hapo. Ntaeleza jinsi ya kufanya ukiwa na watoto ndani, kwa sisi wa Tabora, maana hali ya hewa yetu na vumbi letu tunavijua wenyewe.

Kwanza muda. Wengi wanasubiri Desemba kwa sababu watoto wapo nyumbani na sikukuu imefika, ila Tabora Desemba ni mvua, tena ndo msimu wa maembe, kila mkono unaopita ukutani una utomvu. Ukuta wenye unyevu ukiupaka rangi inatoka malengelenge, halafu unamlaumu fundi bure. Likizo ya mwezi wa sita ndo yenyewe: mvua zilishakata tangu mwezi wa tano, kuta zimekauka, jua la mwezi wa tisa na wa kumi bado halijaja kukausha rangi haraka kabla haijashika. Shida ni vumbi tu, kwahiyo paka asubuhi upepo haujaanza, mwagia maji kidogo mbele ya mlango na chini ya dirisha, hapo umeshinda. Kama nyumba ni mpya na plasta ndo kwanza imepigwa, iache wiki nne ikauke. Najua unatamani kuhamia, vumilia.

Kabla ya kwenda dukani zunguka nyumba nzima na watoto mkiangalia uchafu upo wapi. Usicheke, huu ndo upimaji wenyewe. Utakuta alama za vidole pembeni ya swichi, mstari wa mafuta ya nywele nyuma ya kochi, nyayo za mpira kwenye korido, michoro ya kalamu kimo cha mtoto wa miaka minne. Ukuta unakwambia watoto wanakaa wapi kweli kweli, na kwangu mimi huo sio uhalifu, kuna pale Mithali 14:4 panapozungumzia zizi kuwa safi pasipo na ng'ombe, na mtu wa kwetu huku anayejua ng'ombe hahitaji mahubiri marefu juu ya mstari huo. Ila na wewe ng'ombe wako wasilale kwenye kapeti, tutafika huko.

Sehemu zenye alama nyingi, yaani korido, kuzunguka swichi, ukuta wa meza ya chakula, hizo chini pigwe rangi ya mafuta mpaka kimo cha mita moja hivi au moja na robo, juu endelea na rangi ya maji. Wengine wanasema inafanana na hospitali au ofisi ya kata. Basi chagua rangi ya mafuta inayokaribiana na ya juu, krimu juu na kahawia nyepesi chini, hakuna atakayewaza wodi. Faida yake unapitisha kitambaa chenye sabuni na doa linatoka. Kama hutaki kabisa mafuta, chukua rangi ya maji ile ya silki, bei iko juu kidogo ila inafutika, ile ya kawaida ya bei rahisi ukiisugua na maji inatoka na yenyewe. Nyeupe kabisa sikushauri, kwa vumbi la kiangazi huku ifikapo mwezi wa kumi imeshakuwa rangi ya barabara.

Hesabu fanya mwenyewe, usimwachie mwenye duka, na mtoto wa darasa la tano akusaidie ndo hesabu ya eneo yenyewe hiyo anayofundishwa shule. Mfano chumba cha watoto mita 3 kwa 3.5, ukuta una kimo cha mita 2.7. Jumlisha pande zote nne unapata mita 13, zidisha kwa 2.7 unapata kama mita za mraba 35, toa mlango na dirisha zinabaki 32. Unapaka mara mbili kwahiyo 64. Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta laini inakwenda mita za mraba kama 10, kwenye plasta yenye mchanga mchanga kama nyumba zetu nyingi weka 8. Kwahiyo lita 8, makopo mawili ya lita 4, basi. Fundi akikwambia ndoo ya lita 20 kwa chumba kimoja muulize na yeye anajenga wapi.

Sasa maandalizi, hapa ndo nataka tukae kidogo maana hapa ndo watoto wanaumia.

Kama nyumba ni ya zamani, zile za reli au za misheni zenye rangi ya mafuta iliyopakwa juu ya nyingine miaka na miaka, usikwangue kavu. Rangi za mafuta za zamani nyingi ziliwekwa madini ya risasi ili zikauke haraka na zing'ae, na vumbi lake mtoto akilimeza au kulivuta linaharibu ubongo taratibu, humuoni akiumwa leo, unakuja kuona shuleni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Kwahiyo lowesha ukuta kwanza, piga msasa ukiwa umelowa, funga kitambaa puani, deki kwa maji badala ya kufagia, na watoto wadogo pamoja na mama mjamzito wasiwepo kabisa, waende kwa bibi. Rangi mpya nunua yenye alama ya TBS, na kama ni ya mafuta soma kopo kama limeandikwa haina risasi.

Ukuta unaotoa chumvi ile nyeupe chini, usiifunike na rangi. Toka nje uangalie, mara nyingi udongo umejaa mpaka juu ya msingi au maji ya bati yanadondokea palepale. Ondoa udongo, peleka maji mbali, piga brashi kavu chumvi itoke, acha ukuta ukauke ndo upake. Nyufa ziba, piga msasa, futa vumbi, paka praima, yaani ile rangi ya msingi ya kwanza.

Tina ile ya kuyeyushia rangi ya mafuta, na mafuta ya taa, nawasihi wamama wenzangu, kamwe msiweke kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa. Fundi ana tabia hiyo, mwambie kwa upole ila mwambie. Mtoto akinywa usimtapishe, maana ikirudi inaingia mapafuni na hapo ndo balaa, mkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi. Na rangi ya mafuta ikimshika mkononi usimfute na tina, mpake mafuta ya kula, sugua na kitambaa, halafu sabuni. Wanaotumia chokaa kwa kuwa ni nafuu (na kwa jikoni la nje au choo mi naona inatosha kabisa, weka na chumvi kidogo ishike), mjue inaunguza. Ikiingia jichoni suuza na maji mengi yanayotiririka robo saa nzima bila kukatisha hata akilia, ndo uende hospitali.

Haya, kazi za watoto. Wengi wanawafukuza wote mpaka rangi ikauke, mi naona tunapoteza nafasi. Mtoto aliyepaka ukuta anaulinda ukuta, atamfokea mdogo wake kabla yako. Wa miaka mitatu minne mpe kitambaa na maji afute milango, hatafuta vizuri, haina shida. Wa sita mpaka nane wahamishe vitabu, wakusanye misumari kwenye kopo, watandike magazeti na viroba chini. Kuanzia tisa kumi mpe rola na rangi ya maji, aanzie katikati ya ukuta, wewe au fundi mtamalizia kona na juu. Ngazi hapana, tina hapana, chokaa hapana. Wavulana na wasichana kazi sawa tafadhali, wifi yangu mmoja alishangaa kuona kijana anadeki baada ya kupaka, nikamwambia wifi huyu ataoa siku moja, namhurumia huyo binti kuanzia sasa.

Rangi ya chumba chao wachague wenyewe lakini usimpeleke mtoto dukani ukamwambia chagua unayotaka, utarudi na zambarau. Wewe chagua tatu ambazo unaweza kuishi nazo na pochi inaziweza, halafu wao wachague moja kati ya hizo. Ukishawaambia wachague, heshimu. Hii naona ni malezi kuliko rangi yenyewe, mtoto akiona neno la mama halibadiliki baada ya baba kukunja uso, anajifunza kuamini ahadi, na imani ya Mungu asiyemuona ataipatia wapi kama ya mama anayemuona imeshindikana. Wakigombana, kura. Aliyeshindwa anachagua shuka na pazia.

Usiku wa kwanza na wa pili baada ya rangi ya mafuta wasilale humo. Fungua madirisha, wapeleke sebuleni na godoro. Neti ifungwe hukohuko, mbu hawana likizo.

Vitu vya ndani nipite haraka. Kitanda cha dabo deka mwambie seremala aweke kizuizi pande zote mbili za juu na ngazi iliyokazwa, mninga ni imara na mchwa wanaushindwa ila bei unaijua, ukitumia mbao laini ipake dawa ya mchwa kwanza na uisogeze mbali na ukuta. Kabati na shelfu yenye tivii zifungwe ukutani kwa bawaba na skrubu, watoto wanapanda droo kama ngazi na kabati linawaangukia. Makochi, vua vile vitambaa vyeupe, shona foronya za kitenge zenye zipu, unafua Jumamosi unarudisha. Kapeti la manyoya mi nimeachana nalo kabisa, mkeka unakung'utwa na jua la Tabora linamaliza kazi.

Halafu sebuleni humo humo watengee watoto kona. Meza ndogo karibu na dirisha kwa homuwaki, na kipande cha ukuta kama mita moja kwa moja na nusu kipakwe rangi ya ubao, wachore hapo na chaki. Kuchora sehemu nyingine ndo kosa. Ukimkuta amechora nje ya ubao usianze kupiga kelele za majirani wa Ng'ambo mpaka Cheyo wasikie, mpe kitambaa na ndoo afute mpaka paishe, simama naye. Hasira zetu mara nyingi ni za hela ya rangi na sio za kosa la mtoto, na mtoto anaelewa hivyo hivyo, kwamba ukuta una thamani kumzidi. Ndo maana pia nasema usipambe nyumba kwa mkopo wa kikundi. Nyumba yenye deni kila doa linauma mara mbili.

Pale juu ya ubao huwa tunaandika mstari wa wiki, anaandika mtoto mmoja kwa zamu, hata mwandiko ukipinda. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 inaagiza maneno yaandikwe kwenye miimo ya nyumba, na ukisoma vizuri kabla ya miimo inataja kuyanena uketipo nyumbani. Sasa utayanenaje uketipo kama watoto hawaruhusiwi kuketi? Bango la kununua lenye maua na mstari wa Zaburi sio baya, na mi ninalo, ila watoto wakishalizoea hawalisomi tena. Mwandiko wao wanausoma kila wakipita, japo kwa kubishana nani kakosea herufi.

Baba watoto mshirikishe mapema, kabla ya kununua, na umuonyeshe hesabu kwenye karatasi. Wengi hawakatai rangi, wanakataa kushtukizwa.

Ukimaliza, rangi iliyobaki usitupe. Futa mdomo wa kopo, tandika mfuko wa nailoni juu ndo upige kifuniko mpaka kikaze, andika kwa maka jina na namba ya rangi, chumba na tarehe, weka juu ambapo mtoto hafiki na jua halipigi. Rola na brashi za rangi ya maji zioshwe siku hiyohiyo kwa sabuni. Maji yake usimwage kisimani wala kwenye bustani ya mchicha, chimba shimo mbali. Baada ya mwezi chukua hilo kopo na brashi ndogo, pita kwenye mikwaruzo ya korido, na mkubwa wao akishaweza hiyo kazi mwachie iwe yake.