Kupima jipu (SUV) ya kifahari ya familia hapa Lubumbashi: anza na mlango wa nyuma

Wapendwa, hii ni wiki ya tatu mfululizo mzazi anakuja garajini na jipu aliyokwisha kuilipia, ananiambia, "Fundi, niangalilie." Kuangalia baada ya kulipa ni kazi ya huzuni. Somo hili ni la wale ambao pesa bado ziko mfukoni.

Nasema juu ya jipu za ukubwa wa kati zenye starehe: Lexus RX, Mercedes ML (tangu 2015 inaitwa GLE), BMW X5, Volvo XC90, Lexus GX. Watu wengi wanapoenda kuziona hukaa kwenye volani kwanza, wanashika ngozi, wanawasha skrini. Nakuomba ufanye kinyume. Fungua mlango wa nyuma.

HATUA YA KWANZA: Kwenda na wanaokaa nyuma

Usiende kuona gari peke yako na komisionere (dalali). Nenda na mama wa nyumbani, nenda na watoto, na kama bibi anaishi nanyi, mwache aje. Mwambie bibi apande bila kusaidiwa, kisha ashuke. Nimeona nyanya wa miaka sabini akishindwa kupanda jipu iliyonyanyuliwa na amortiseri (vizuia mtikisiko) zisizo zake, na mwanawe akaacha biashara palepale. Alifanya vema.

Watoto wote wakae kwa pamoja, kila mmoja na mkanda wake. Vuta kila mkanda mpaka mwisho, uuachie: urudi wenyewe bila kusitasita. Huko mwisho, ambako hakuna mkono unaofika siku zote, tazama rangi ya kitambaa. Mstari wa tope au harufu ya ukungu maana yake gari lililala majini. Magari mengi ya Marekani yaliyofurika, kwa mfano baada ya kimbunga cha Texas cha 2017, yaliuzwa tena katika minada, na gari la namna hiyo linaweza kusafishwa likang'aa. Mkanda hausahau.

Halafu ingiza vidole kati ya mgongo wa kiti na makalio ya kiti, utafute vyuma viwili vya kushikilia kiti cha mtoto mchanga. Vinaitwa ISOFIX, na kwa kawaida viko kwenye viti viwili vya pembeni. Kama una mtoto mdogo, njoo na kiti chake ukifunge.

Mwisho, kofri (buti). Usipime kwa macho. Weka mfuko mmoja wa unga wa kilo 25, bidoni mbili za maji na masanduku ya shule. Sisi wa hapa tunajua pia kwamba safari ya Likasi hairudi bila mfuko wa makala (mkaa).

HATUA YA PILI: Volani iko upande gani

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia zinapotea.

Kongo tunaendesha upande wa kuume, kwa hiyo volani inayofaa ni ya kushoto. Lakini Lubumbashi imejaa magari ya Japani yaliyopita Dar es Salaam, Zambia na mpaka wa Kasumbalesa, yenye volani ya kuume. Bei yake ni nzuri. Mjini, kwa mwendo wa pole, utazoea. Shida iko njiani.

Fikiria uko nyuma ya lori la madini kati ya hapa na Likasi, kilomita kama 120. Shofere wa volani ya kuume haoni mbele ya lori. Ili aone, lazima atoe karibu gari zima katikati ya barabara, yaani amtoe kwanza aliyekaa kushoto. Na huyo ni nani? Ni mke wako. Ndiyo maana unasikia baba anauliza, "Angalia, kuko motokari?" Maisha ya watoto wote yanategemea jibu la mtu ambaye pengine hajawahi kushika volani.

Jambo la pili halisemwi na muuzaji yeyote: taa. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya Japani huinua mwanga wake upande wa kushoto, kwa sababu kule ukingo wa barabara uko kushoto. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Usiku, simamisha gari mita tano mbele ya ukuta, washa taa fupi, utaona mstari wa mwanga una ngazi inayopanda. Ikipanda upande wa kushoto, kila shofere utakayekutana naye atapofuka, na wewe hutamwona mtembea kwa miguu wa upande wako wa kuume.

Kama gari ni la shule na soko tu, chukua ya kuume ukitaka, ubadili taa. Kama familia inasafiri kwenda Likasi, Kolwezi au Kasumbalesa kila mwezi, ongeza pesa, tafuta volani ya kushoto. Kwa hilo sibishani na mtu.

HATUA YA TATU: Karatasi

Gari la mnada wa Japani lina karatasi ya ukaguzi. Idai. Juu kuna alama ya jumla: 4 na kuendelea ni nzuri, 3.5 inavumilika, R au RA maana yake liligongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali paliponyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za karatasi na za tabloo.

Gari la soko la Marekani lina namba ya kadre (chesi) yenye tarakimu na herufi 17, na ile ya kumi inasema mwaka wa modeli: C ni 2012, F ni 2015, J ni 2018. Muuzaji akisema 2015 na wewe unasoma C, mazungumzo yameisha.

Kwa namba hiyohiyo ingia tovuti ya mtengenezaji, uulize kama gari lina wito wa kubadilishiwa mifuko ya hewa (airbag, ile inayofunguka gari likigonga) ya kampuni ya Takata. Mifuko hiyo huharibika kwa joto na unyevu wa miaka, na ikilipuka hurusha vipande vya chuma. X5, ML na GX 460 za miaka kadhaa zimo.

HATUA YA NNE: Asubuhi, motere ikiwa baridi

Mwambie muuzaji usiku uliotangulia: usiwashe kabla sijafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa na joto, rudi kesho.

Kabla ya kuwasha, pima kwa vidole nafasi kati ya pine na bodi, magurudumu yote manne. ML na X5 nyingi zina mifuko ya hewa badala ya springi. Ikivuja, gari hushuka usiku, na ukiwasha hupanda tena taratibu kana kwamba hakuna kitu. Mteja wangu mmoja alionyeshwa ML mchana, motere ikiwa imewaka kwa muda wa saa mbili. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwake ilikuwa imepiga magoti kona moja. Alirudi mara tatu kwa muuzaji, akaambiwa mambo ni ya Mungu. Hasara ile iliniuma kama yangu.

Fungua boksi la chujio la hewa. Chujio lenyewe likiwa jekundu si kosa, vumbi letu ni hilo. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira unaotoka kwenye chujio kwenda motere. Kitambaa kikirudi chekundu, motere imekuwa ikila udongo.

Kwa RX za zamani na Harrier za Toyota, dada zake: motere ya V6 ya lita 3.0 na 3.3 inatumia mkanda wa taimingi, Japani hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ile ya lita 3.5 inatumia mnyororo, hiyo ndiyo naipenda. Lakini kwenye zile za mwanzo, za 2007 na kuendelea kidogo, kuna bomba la mafuta ya motere lenye kipande cha mpira ambacho hupasuka na kumwaga mafuta yote kwa dakika chache. Dawa ni bomba la chuma kitupu. Uliza kama limebadilishwa, kisha tazama kwa macho yako. Ile ya silinda nne ya lita 2.4 ina tabia ya kula mafuta ya motere, hivyo vuta kijiti upime kabla na baada ya majaribio.

Unganisha skana, kifaa kinachosoma makosa ya kompyuta ya gari. Kama taa za onyo zote hazikuwaka ulipogeuza ufunguo, mtu ametoa balbu au ameficha.

HATUA YA TANO: Barabarani

Dakika arobaini, si mzunguko wa mtaa. Piga lami, kisha ingia udongo upande wa Annexe, pembezoni mwa mji, familia ikiwa ndani. Zima redio. Sikiliza kugongagonga kwa chini unapopita shimo kwa pole: ni rotile (viungo vya magurudumu) au silambloki (bushi za mpira). Mwache mtu mzima akae nyuma asikilize, maana sauti za nyuma shofere hazisikii. Boite (giaboksi) otomatiki isisite kutoka gia ya pili kwenda ya tatu. Klima (kiyoyozi) iendelee kupoza ukiwa umesimama.

Ukirudi, fungua kofri, pitisha kile kitambaa kwenye mpira wa mlango. Vumbi likiwa ndani ya mstari wa mpira, watoto wako wamelivuta njia nzima.

HATUA YA SITA: Kama unanunua mpya

Hapa ni fupi. RX ya kizazi kilichoanza mwishoni mwa 2022 iliacha V6, RX 350 sasa ina silinda nne ya lita 2.4 yenye turbo. Ni gari zuri, ila chagua janti (rimu) ndogo. Pine ya 235/60R19 ina ukuta wa milimita 141, ile ya 235/50R21 ina 117 tu. Hizo milimita 24 ndizo zinazookoa janti kwenye mashimo yetu ya mwezi wa pili. Na jipu za Ulaya za mazuti (dizeli) zenye kichujio cha moshi sishauri: mazuti yenye salfa nyingi na safari fupi za foleni huziba kichujio hicho.

Mpya au kuukuu, usimalize pesa. Mwenye dola 15,000 atafute gari la 12,000.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mama wa watano, Bel-Air: Papa fundi, sisi ni watu saba. Napenda RX. Itatosha?*

Hapana, mama. RX ya kawaida ina viti vitano. Kuna RX L iliyotoka mwishoni mwa 2017 yenye safu ya tatu, ila huko nyuma ni pa watoto wadogo tu. XC90 ni nzuri kwa watoto, nyingi zina kiti cha katikati kinachoinuka ili mkanda umfae mdogo, lakini vipuri vyake utaagiza mbali na kungoja. Ningekuwa mimi ningetafuta GX 460: kadre yake ni ya udugu wa Toyota Prado, na Prado kila fundi hapa anaijua. Ila kofri yake ni ndogo safu ya tatu ikiwa wima, na mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni, uache nafasi.

*Kijana wa Katuba: Ya fundi, komisionere ananiuzia Harrier ya 2014 kwa bei ya RX. Anasema ni gari moja.*

Ilikuwa moja, mdogo wangu, tangu 1997 hadi kizazi cha pili. Harrier iliyotoka mwishoni mwa 2013 ni gari jingine, imejengwa juu ya RAV4. Si mbaya hata kidogo, ila lipa bei ya Harrier.

*Baba Kapinga, Likasi: RX 450h, ile ya haibridi (motere ya esansi, yaani petroli, pamoja na batri), inakula esansi kidogo. Batri yake itavumilia joto na vumbi?*

Baba, RX 350 hunywa kama lita 13 kwa kilomita 100 mjini, kwa hiyo nakuelewa. Batri kubwa ya 450h iko chini ya kiti cha nyuma, na inapozwa na hewa inayoingia kwenye matundu yaliyo hapohapo miguuni mwa watoto. Blanketi, biskuti, mchanga wa viatu, vyote vinaishia kwenye feni yake. Fungua ile feni uisafishe kila mwaka, na waambie watoto wasizibe matundu. Kabla ya kununua, fundi mwenye skana asome kila kipande cha batri: kimoja kikiwa chini ya wenzake, acha.

*Ya Mado, Kampemba: Kuna mtu anageuza volani kutoka kuume kwenda kushoto. Nifanye?*

Yaya, usifanye kwa gari la familia. Wanakata bodi, wanaunga mhimili wa volani kwa kulehemu, na mfuko wa hewa wa dereva mara nyingi hautarudi. Ukiona gari la kushoto ambalo waipa zake bado zinaacha kona ya kushoto ya kioo bila kufutwa, jua limegeuzwa.

*Shofere wa Ruashi: Muuzaji hataki gari litoke kwake kwenda garajini.*

Mwambie fundi aende kwake. Akikataa na hilo, muage.

*Mama Kijana, Golf: Mtoto ana miezi sita. Naweza kumweka mbele karibu nami?*

Kiti kinachotazama nyuma hakikai kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Mfuko ukifunguka unampiga mtoto kichwani kupitia mgongo wa kiti, na unaua. Mweke nyuma upande wa kuume. Ukisimama kandokando ya barabara utamtoa upande wa ukingo, si upande wa magari yanayopita.