Kufuatilia makaa ya mawe yaliyoshushwa Unguja enzi za Mwingereza

Wiki iliyopita nilimsaidia mpwa wangu kuchora grafu ya makaa ya mawe yaliyoingia Zanzibar wakati wa himaya ya Uingereza, kwa kazi yake ya skuli. Naandika tulivyofanya.

Hatua ya 1. Nenda Nyaraka, ofisi inayohifadhi kumbukumbu za zamani za Zanzibar, pale Kilimani, uombe ripoti za forodha za kila mwaka. Chukua penseli.

Hatua ya 2. Nakili tani kwanza, fedha baadaye. Kwangu hili halina mjadala. Mwaka 1926 wachimba makaa wa Uingereza waligoma tangu Mei hadi Novemba. Ukitazama fedha peke yake, hutajua kilichobadilika ni shehena au bei.

Hatua ya 3. Vipimo na sarafu. Hapa usikimbie. Tani ya Kiingereza ina ratili 2,240, yaani kama kilo 1,016, si kilo 1,000. Penye handaredi (kipimo cha ratili 112), gawa kwa 20 upate tani.

Kisha rupia, sarafu ya Zanzibar ya wakati huo. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pauni moja ilikuwa rupia 15, lakini kiwango hicho hakikudumu, basi usikitumie kwa miaka yote. Mwaka 1936 ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Rupia 10,000 za 1935 ni shilingi 15,000 za 1936, na mzigo ni uleule. Mimi sikulijua hilo nilipofanya kazi hii mara ya kwanza. Mstari uliruka, nikamaliza siku mbili nikisaka sababu bandarini. Sasa naacha safu ya tarakimu za asili kama zilivyo, naongeza safu nyingine ya shilingi. Usifute ya kwanza kamwe. Ndiyo itakayokuokoa ukikosea hesabu.

Hatua ya 4. Tenganisha makaa ya kisiwani na ya meli. Meli za barua za kampuni ya British India zilianza safari za Aden na Zanzibar mwaka 1872, na meli ya moshi hula makaa kila safari. Tazama pia orodha ya bidhaa zilizotoka, huenda makaa waliyopewa meli yameandikwa humo. Makaa ya miti, haya ya seredani, usiyajumlishe.

Hatua ya 5. Chora. Pembeni weka mafuta ya meli, mwaka kwa mwaka. Baada ya Vita vya Kwanza meli nyingi zilihamia mafuta, hivyo makaa yakipungua, safu hiyo ndiyo itakayokuonyesha kama bandari ilipwaya au ni tanuri tu zilizobadilishwa.