Jinsi ya kupima bei halisi ya kumiliki bunduki kwa mwenye kipato kidogo

Nashika daftari la silaha katika kampuni ya ulinzi. Jioni namkabidhi mlinzi bunduki, naandika namba yake na idadi ya risasi, anatia sahihi. Alfajiri anairudisha, tunahesabu risasi moja moja, anatia sahihi tena. Siku moja mlinzi wa makamo aliniuliza, "Karani, hii naibeba usiku kucha. Nikitaka ya kwangu, itanigharimu nini?"

Nikamsomea ada ya leseni. Jibu la kivivu. Tulipokaa na kikokotoo, ada ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Hesabu tuliyoifanya unaweza kuifanya kwa sheria ya nchi yoyote ile.

Anza na siku, usianze na pesa. Chukua karatasi, uandike kila mahali ambapo mwombaji lazima afike mwenyewe. Japani, kwa mfano, mtu anayetaka bunduki ya kuwindia huhudhuria kozi, hufanya mtihani, hupeleka cheti cha daktari, huhojiwa na polisi, na leseni ile huhuishwa kila baada ya miaka mitatu. Mbele ya kila safari andika siku inayopotea, kisha zidisha kwa ujira wa siku. Mwenye mshahara wa mwezi ataomba ruhusa na mshahara utaingia kama kawaida. Kibarua siku hiyo hana kitu. Mlinzi wangu alinikumbusha jambo nililolisahau: ofisi hufunguliwa mchana, na mchana ndio usiku wake. Kwa hiyo tukaongeza safu ya tatu, ya usingizi, ingawa hatukujua tuizidishe kwa nini.

Kisha iangalie nyumba. Hapa ndipo wengi hukwama, na sheria haitaji umaskini hata mara moja. Mara nyingi inataka kabati la chuma lililofungwa ukutani, na risasi zikae mbali na bunduki. Ukuta ni wa nani? Mpangaji wa chumba kimoja hawezi kuutoboa bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba akisikia neno bunduki huenda akamtafuta mpangaji mwingine. Mlinzi aliniuliza kabati lenyewe lina ukubwa gani. Nilipomwonyesha kwa mikono alicheka: hapo analala mtoto.

Baada ya hapo, soma sheria kwa kalamu mkononi na upigie mstari kila neno laini: "sababu ya kutosha", "mtu wa heshima", "wadhamini wanaokubalika". Kila neno la namna hiyo limemwachia ofisa nafasi ya kukutazama viatu. Mwaka 1956, baada ya nyumba yake kulipuliwa kwa bomu huko Montgomery, Marekani, Martin Luther King, mtetezi wa haki za watu weusi, aliomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa. Huko New York mwombaji wa kibali cha kubeba alipaswa kuonyesha haja ya pekee inayomtofautisha na raia wengine, hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ilipolitupa sharti hilo mwaka 2022. Anayesafirisha vito na fedha taslimu ana la kuonyesha. Anayetembea kwa miguu usiku kutoka kazini ana woga tu, na woga hauna risiti.

Mwisho tafuta pesa zilipojificha. Zamani hazikujificha: sheria ya uwindaji ya Uingereza ya mwaka 1671 ilimkataza kuweka bunduki mtu asiye na ardhi ya kumwingizia pauni 100 kwa mwaka, isipokuwa wachache wa ukoo bora. Mwaka 1934 Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa bunduki za rashasha, wakati ambapo rashasha aina ya Thompson yenyewe ilikaribia bei hiyo. Kiasi hicho hakikupandishwa kwa miongo mingi, kikaliwa na mfumuko wa bei. Lakini mwaka 1986 usajili wa rashasha mpya kwa raia ulifungwa. Zilizobaki zikawa adimu, na leo moja huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Sheria haikutaja tajiri popote. Soko ndilo lililomchagua.

Ukishapata jumla, usikimbilie kulaumu. Mimi sipendi bunduki ziwe nyingi. Nimezihesabu vya kutosha. Ila gawanya vikwazo katika mafungu mawili. Mtihani mgumu, uchunguzi wa afya, rekodi ya jinai: hivyo vinamkagua mtu mwenyewe. Ada kubwa, siku zilizopotea, ukuta wa kukodi, mdhamini mwenye cheo: hivyo vinakagua mfuko wake. Tajiri mlevi anaweza kulivuka fungu la pili bila kutoka jasho. Fungu la kwanza ndilo la kumzuia, na wakati mwingine hata hilo halitoshi.

Karatasi yetu ilijaa pande zote mbili. Mlinzi aliikunja akaitia mfukoni, akaniuliza saa. Tukahesabu risasi, zilikuwa kumi, zote zipo. Nikaandika, akatia sahihi.