Kuingiza Vitabu vya Katuni Katika Maktaba ya Shule: Mwongozo Kutoka Moshi

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa sekondari huko Arusha, ambaye ndiye pia anayesimamia maktaba ya shule yake, alinipigia simu. Alikuwa ameletewa na mzazi maboksi mawili ya vitabu vya katuni, naye hakujua aanzie wapi. Jumamosi iliyofuata nilipanda basi nikaenda kumsaidia, na tulipomaliza jioni aliniomba nimwandikie yale tuliyoyafanya ili ayarudie peke yake boksi jingine litakapofika. Nimeyaandika hapa kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mwalimu au mkutubi mwenye maboksi ya namna hiyo.

Mimi ni mkutubi wa shule hapa Moshi, na katuni nimezipenda tangu utotoni, tulipokuwa tukipokezana gazeti la Sani mkono kwa mkono hadi pembe za kurasa zinakatika. Nasema wazi msimamo wangu kwa sababu unaathiri kila hatua inayofuata: katuni haipaswi kurundikwa kwenye kikapu karibu na mlango, ikawa kitu cha kuwatuliza wanafunzi waliomaliza kazi mapema. Iandikishwe, ipewe namba, iwekwe rafuni na iazimishwe kama kitabu kingine chochote.

Hatua ya kwanza: kupokea na kukagua

Toa vitabu vyote kwenye boksi, vipanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, na vile vyenye dalili ya ukungu au wadudu viweke mbali na vingine. Usivianike juani, kwa kuwa jua hupausha rangi. Kivuli chenye hewa kinatosha.

Hatua ya pili: kusoma kabla ya kusajili

Soma kila kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Najua muda ni mchache, lakini katuni haiwezi kukaguliwa kwa kusoma maelezo ya nyuma ya jalada, kwa sababu jambo lisilofaa kwa mtoto wa kidato cha kwanza linaweza kuwa ndani ya kisanduku kimoja cha picha kisicho na neno hata moja. Baadhi ya wachapishaji huweka alama ya umri kwenye jalada: T kwa vijana, T+ kwa vijana wakubwa, M kwa watu wazima. Alama hizo zinasaidia, ila zimewekwa na watu wasiowajua wanafunzi wako wala wazazi wao, kwa hiyo uamuzi ubaki kuwa wako. Sisi hubandika kidoti cha kijani kwa vitabu vya wote na cha njano kwa vitabu vya kidato cha tatu kwenda juu, na kitabu kisichofaa hakiingii rafuni kabisa. Kukificha chini ya meza ya mkutubi ndiyo njia ya haraka zaidi ya kukifanya kitafutwe na shule nzima.

Hatua ya tatu: kutenganisha mfululizo, namba, juzuu na nakala

Hatua hii ilinichukua Jumamosi tatu nilipoifanya mara ya kwanza, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu ya neno moja.

Neno lenyewe ni "toleo". Katika Kiswahili cha vitabu linabeba maana mbili. Kuna toleo la kitabu, yaani chapa iliyorekebishwa, kama tunavyosema toleo la pili la kitabu cha Jiografia, na kuna toleo la gazeti, yaani lile lililotoka wiki au mwezi fulani. Kwa kitabu cha Jiografia hakuna anayechanganyikiwa. Kwa katuni, "toleo la 3" katika daftari la usajili linaweza kuwa gazeti la tatu la hadithi hiyo, linaweza kuwa chapa ya tatu ya gazeti la kwanza, na kama aliyeandika alikuwa na haraka, linaweza kuwa kitabu kizima cha tatu. Daftari nililolikuta lilikuwa na safu moja ya "toleo" kwa mambo yote hayo, nami nikaliendeleza vilevile hadi nilipovuka kitabu cha sitini, ndipo nikakuta kwamba "toleo la 3" mara mbili za hadithi moja, nilizokuwa nimeziandika kama nakala mbili, zilikuwa vitabu viwili tofauti kabisa. Nilichukua daftari jipya nikaanza upya.

Tangu siku hiyo natumia maneno manne, nayo nimeyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa juu ya kabati. Mfululizo ni jina la hadithi nzima inayoendelea. Namba ni gazeti moja jembamba la mfululizo huo, lile linalofungwa kwa pini katikati. Juzuu ni kitabu chenye mgongo, kinachokusanya namba au sura kadhaa pamoja. Nakala ni kile unachokishika mkononi, kwa hiyo vitabu viwili vinavyofanana kwa kila kitu ni nakala ya 1 na nakala ya 2. "Toleo" nimeliachia maana ya chapa iliyorekebishwa peke yake, na kwenye katuni silihitaji mara nyingi. Daftari langu sasa lina safu nne badala ya moja, na ningekushauri upige mistari hiyo kwa rula kabla hujaandika kitabu cha kwanza.

Hata ukiwa na maneno manne, mitego ipo, na huu ndio ninaoukuta mara nyingi zaidi. Wachapishaji wa Marekani wana desturi ya kuanza kuhesabu upya. Mfululizo wa Amazing Spider-Man ulianza mwaka 1963, ukafika namba 441 mwaka 1998, kisha mwaka 1999 ukaanza tena na namba 1. Mwaka 2003, baada ya namba 58 ya hesabu hiyo mpya, gazeti lililofuata lilipewa namba 500, kwa kuwa mchapishaji aliamua kuunganisha hesabu ya zamani na mpya. Mwanafunzi anayetafuta gazeti linalofuata namba 58 hataweza kufikiri kwamba ni namba 500, na mkutubi asiyejua atadhani amepoteza magazeti mia nne na arobaini na moja. Dawa yake ni kuandika mwaka mbele ya kila namba, bila kukosa. Mwaka na mwezi huchapishwa kwa maandishi madogo ndani ya jalada au chini ya ukurasa wa kwanza, kwa hiyo usitegemee kilichoandikwa nje.

Mtego wa pili uko kwenye manga, yaani katuni za Kijapani (neno hili halina uhusiano na lile la pilipili manga, ingawa mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kwa dhati kabisa). Naruto ina juzuu 72. Lakini kwa Kiingereza imechapishwa pia katika vitabu vinene vinavyofunga juzuu tatu pamoja, na vitabu hivyo vina namba zao, kuanzia 1 hadi 24. Kitabu kinene cha 2 kina juzuu ya 4, ya 5 na ya 6. Ukikisajili kama juzuu ya 2, utakuwa umeweka rafuni kitabu kinachoruka juzuu ya 2 na ya 3 na kurudia nyingine. Kosa hili lilinifikia kwa njia ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyekuja mezani akaniambia kwa upole, "Shikamoo, mwalimu. Nimesoma ya 1, nikachukua ya 2, ila naona watu wengine wameingia na mimi siwajui." Alikuwa amesoma juzuu ya 1 nyembamba kisha akachukua kitabu kinene cha 2. Sasa kwenye lebo za vitabu vinene naandika yaliyomo, "J. 04–06", bila kujali namba iliyo kwenye jalada, na kwenye daftari naongeza maelezo ya kwamba mchapishaji amekiita 2.

Yako pia magazeti yetu ya Kiswahili, ambayo namba moja yake ilibeba hadithi kadhaa za wachoraji mbalimbali, kila moja ikikatwa na kuendelezwa katika gazeti lililofuata. Haya yasajili kwa jina la gazeti, kamwe usiyasajili kwa jina la hadithi, la sivyo gazeti moja litahitaji kukaa sehemu tano. Majina ya wahusika yaandike kwenye safu ya maelezo, kwa sababu msomaji mtu mzima akija hatataja mwezi wala mwaka. Atakuuliza kama una zile za Lodi Lofa.

Kama shule yako ina kompyuta, natumia na ninapendekeza Koha, programu huria ya maktaba iliyotengenezwa New Zealand na kuanza kazi mwaka 2000. Haina malipo ya leseni. Wapo wanaopenda kutumia jedwali la kawaida la Excel, nami nimewahi kulitumia, lakini jedwali halitakuambia ni nani aliye na juzuu ya 4. Katika Koha, sehemu ya jina la kitabu ni 245, nayo ina vijisehemu vyenye herufi: jina la mfululizo liingie kwenye 245 a, namba ya juzuu kwenye 245 n, na jina la juzuu, kama lipo, kwenye 245 p. Usiyaandike yote matatu kwenye a kwa mkupuo. Andika namba kwa tarakimu mbili, 02 badala ya 2, kwani ukizichanganya na maandishi kompyuta huweza kuipanga 10 kabla ya 2, na mfululizo wa juzuu 72 ukishapangwa hivyo hausomeki kwenye skrini. Daftari la karatasi liendelee kuwepo. Umeme ukikatika, kazi isisimame.

Hatua ya nne: namba ya rafu

Katika mfumo wa Dewey, ule unaopanga vitabu kwa namba za mada, katuni ziko 741.5. Kwa maktaba yenye vitabu chini ya mia moja namba hiyo inatosha, lakini mimi huongeza nchi kwa sababu napenda wanafunzi waone kwamba katuni za Tanzania zina mahali pake: 741.59678 kwa Tanzania, 741.596762 kwa Kenya, 741.5952 kwa Japani, 741.5973 kwa Marekani, 741.5944 kwa Ufaransa. Sisi hufuata nchi ambako kazi ilitoka kwanza. Kwa hiyo mkusanyiko wa Gado, Mtanzania aliyezaliwa Dar es Salaam na kuchora kwa miaka mingi katika magazeti ya Nairobi, uko kwenye namba ya Kenya.

Katuni inayofundisha jambo fulani ifuate jambo hilo. Kijitabu cha picha kuhusu kujikinga na malaria kiko 614, pamoja na vitabu vingine vya kinga ya maradhi, maana anayekitafuta anatafuta malaria.

Chini ya namba weka herufi tatu za kwanza za jina la mfululizo, usiweke za mwandishi. Wakutubi wenzangu wengine hawakubaliani nami katika hili, lakini mfululizo wa Marekani unaweza kupitia mikononi mwa waandishi kumi, na ukifuata majina yao shujaa mmoja atatawanyika kwenye rafu nzima.

Hatua ya tano: mhuri na lebo

Piga mhuri mahali pasipo na picha. Lebo ikae mgongoni, sentimita mbili kutoka chini. Magazeti yasiyo na mgongo yabandikwe lebo kwenye kona ya chini ya jalada, upande wa mkunjo. Kumbuka kwamba manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo jalada lake la mbele liko mahali ambapo umezoea kuona la nyuma. Karatasi ya tarehe za kurudisha ibandike mwisho wa hadithi, usije ukaufunika ukurasa wa kwanza.

Hatua ya sita: pini na kushona

Pini za magazeti ya katuni hushika kutu, na masika ya Moshi huzimaliza upesi. Kutu hula karatasi kuzunguka tundu, kisha kurasa za katikati zinachomoka zote kwa pamoja. Mimi huziondoa pini zote kabla gazeti halijaingia rafuni, hata kama bado zinang'aa. Fungua katikati, nyoosha miguu ya pini kwa ncha ya kisu butu, itoe kwa nyuma, kisha pitisha uzi wa pamba kwenye matundu yaleyale mawili na ufunge fundo kwa ndani. Uzi wa nailoni usitumie, kwani hukata karatasi kama wembe.

Kwa mgongo wa kitabu uliobanduka tumia gundi nyeupe ya PVA, kidogo sana, kwa brashi, ukikandamize kitabu chini ya kamusi usiku kucha. Selotepu sitaki kuiona katika maktaba yangu. Baada ya miaka michache plastiki yake hubanduka na kuacha gundi ya rangi ya chai iliyozama ndani ya picha, na hakuna njia ya kuitoa.

Hatua ya saba: rafuni na kuazimisha

Juzuu zisimame kwa mfuatano, magazeti yakae ndani ya boksi faili, na angalau vitabu vinne viwekwe vikionyesha jalada la mbele, ukivibadilisha kila Jumatatu.

Azimisha juzuu mbili kwa mwanafunzi mmoja, kwa siku tatu. Wiki mbili tunazotoa kwa riwaya ni nyingi mno hapa, kwa sababu juzuu moja humalizwa jioni moja na nyuma yake kuna wanaosubiri. Juzuu inapotoka, weka mahali pake kipande cha manila chenye namba yake, na yeyote anayeisubiri aandike jina lake juu ya kipande hicho. Juzuu ikirudi, unasoma jina la kwanza na kumtumia mwenzake wa darasa akamwite.