Kupanga wafanyakazi na mitambo ya maji na umeme Pemba, hatua kwa hatua

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia injinia kijana wa Pemba aliyekabidhiwa mpango wa miaka mitano wa huduma ya maji wilayani kwake. Alikuja na orodha nzuri ya mabomba, pampu na matangi ya kujengwa. Upande wa wafanyakazi kulikuwa na mstari mmoja tu: "wataajiriwa kulingana na mahitaji." Kisiwani mpango wa namna hiyo hausimami. Pampu ikiungua Micheweni usiku, na bahari imechafuka kwa kusi, fundi aliyeko Unguja hakusaidii hata awe hodari namna gani.

Mifano yangu mingi ni ya maji kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Wa umeme watabadilisha majina ya mitambo, hesabu ni zile zile.

Hatua ya 1: Pata idadi ya watu wa kisiwa chako

Usichukue wastani wa Zanzibar nzima. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba na 896,721 Unguja. Ya 2022 ikahesabu 543,441 Pemba na 1,346,332 Unguja. Ukipiga hesabu, Pemba imekua kwa kama asilimia 2.9 kwa mwaka na Unguja kwa zaidi ya asilimia 4. Anayepangia Micheweni kwa kasi ya Mjini Magharibi atajenga matangi yasiyojaa, na anayepangia Fumba, kule Unguja, kwa wastani wa visiwa vyote atakuta maji yamekwisha kabla nyumba hazijakwisha kujengwa. Shuka hadi shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala, kisha mwonyeshe sheha, kiongozi wake, takwimu zako. Yeye ndiye anayejua viwanja vipya vimekatwa wapi.

Hatua ya 2: Andika kila mtambo ulionao

Nenda mwenyewe. Kila kisima, pampu, tangi, transfoma na jenereta kipate mstari wake kwenye jedwali: mahali, mwaka wa kufungwa, ukubwa, hali. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha. Programu kubwa za kukodi kwa mwaka sizipendi kabisa. Leseni ikiisha, kumbukumbu zote zimefungiwa ndani na hakuna wa kuzifungua.

Hatua ya 3: Geuza mahitaji kuwa saa

Tuchukue shehia ya watu 4,000 na lita 50 kwa kila mtu kwa siku. Hizo ni mita za ujazo 200. Kama asilimia 30 inapotea njiani, itabidi uvute 286 ili 200 zifike. Kisima kinachotoa mita za ujazo 20 kwa saa kitafanya kazi saa 14 na kidogo. Kwa kasi ya Pemba, baada ya miaka 10 kisima hicho hicho kitatakiwa kifanye kazi saa 19. Hapo ndipo unapoona kisima cha pili kinahitajika lini, bila kubishana na mtu.

Kabla ya kuongeza saa za kuvuta, pima chumvi. Visima vya karibu na pwani ukivilazimisha vinaanza kuvuta maji ya bahari, na chumvi ikishaingia haitoki upesi. Pima kila mwezi, andika.

Umeme wa pampu unauhesabu hivi: mita za ujazo kwa saa, zidisha kwa urefu wa kupandisha kwa mita, gawa kwa 367, kisha gawa kwa ufanisi wa pampu. Kisima chetu kikipandisha mita 80 kwa ufanisi wa nusu, kinakula karibu kilowati 8.7.

Hatua ya 4: Jiulize umeme ukikatika

Umeme wetu unapita chini ya bahari. Unguja iliunganishwa na bara 1980, waya ukitoka upande wa Dar es Salaam na kutokea Fumba. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikuja 2013. Pemba iliunganishwa kutoka Tanga 2010, na kabla ya hapo ilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Kisha ikakaa tena kama miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na maji nayo yakakatika kwa sababu pampu ni za umeme. Waya ule wa 1980 ulikuwa unakaribia miaka 30. Kwa hiyo kwenye jedwali lako uwepo mstari wa waya wa baharini, na umri wake, hata kama si mali ya idara yako.

Amua leo ni pampu zipi zitapata jenereta kwanza. Mimi natanguliza zinazolisha hospitali na skuli za dakhalia (za bweni), halafu zenye tangi la juu, maana jenereta ikiwaka saa chache tangi linaendelea kugawa.

Hatua ya 5: Hesabu watu

Hapa usiende mbio. Hapa ndipo mipango mingi inapofia.

Anza na zamu. Kituo kinachohitaji mtu saa zote kina saa 168 kwa wiki. Tuseme mkataba ni saa 40 kwa wiki (weka za mkataba wako). Wengi hugawa, wakapata 4.2, wakaandika watu wanne. Lakini mtu hafanyi kazi wiki 52. Ukitoa likizo, maradhi, misiba na mafunzo, tuseme zinabaki wiki 45, sawa na saa 1,800 kwa mwaka. Kituo kinataka saa 8,736. Gawa: 4.85. Ni watu watano, na ukiandika wanne umeshaamua kwamba kuna usiku kituo kitalala bila mtu. Ukikosa fedha za watano, punguza saa za kituo kwa makusudi na uwatangazie wananchi, kuliko kuacha pengo lijifungue lenyewe.

Zamu za Ramadhani ziandike peke yake. Maji na umeme vinatumika kwa wingi kabla ya magharibi na tena wakati wa daku, na wafanyakazi wako nao wanataka kufuturu. Weka zamu fupi, na futari iwepo kituoni.

Baada ya zamu, fuata umri. Kwa kila mfanyakazi andika mwaka atakaofikisha 60, umri wa kustaafu kwa lazima, na mwaka wa 55, kwa sababu wapo wanaoondoka kwa hiari. Panga jedwali kwa mwaka huo. Mara nyingi utaona mafundi walioajiriwa kwa mkupuo mmoja wanaondoka kwa mkupuo mmoja. Mrithi aajiriwe miaka miwili kabla, si siku ya kuaga. Kuna mzee mmoja kwenye kituo fulani aliyejua kwa kuweka kiganja juu ya bomba la kutolea kwamba pampu imeanza kuvuta hewa. Kijana hafundishwi hilo darasani; anasimama pembeni yake, anaweka mkono pale pale, siku nyingi.

Kisha chora jedwali la pili: kazi upande wa kushoto, majina juu, tiki kwa anayeweza kuifanya peke yake usiku. Kuunga waya wa msongo mkubwa, kutoa pampu kisimani, kutengeneza paneli ya kuwashia, kusoma ramani ya mabomba. Mstari wenye tiki moja ni hatari. Usio na tiki ni dharura, na unatangulia bomba lolote jipya kwenye bajeti. Usikubali kuambiwa "yupo mtu Unguja." Hesabu tiki za walioko Pemba tu.

Kuhusu kuajiri nina msimamo: chukua vijana wa wilaya ile ile. Anayepelekwa kutoka mbali bila nyumba ataomba uhamisho, na ni haki yake. Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kipo, na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume inatoa mafundi sanifu. Wachukue wakiwa bado wanasoma, wafanye mazoezi kwako, ubakishe walio bora.

La mwisho ni vibarua. Mitaro ya mabomba inachimbwa kwa mikono, na msimu wa karafuu ukiwa mzuri hupati mtu. Kila mwenye nguvu yuko juu ya mkarafuu, na anapata zaidi huko. Masika nayo yanafukia mtaro kabla bomba halijalala. Panga uchimbaji nje ya nyakati hizo mbili, halafu ndipo utie saini na mkandarasi.

Hatua ya 6: Vipuri

Kwa kila aina ya pampu iliyo kwenye zaidi ya visima viwili, moja ya akiba ikae Pemba, ndani ya ghala kavu. Punguza aina: pampu za aina mbili zinatunzika, za aina tisa hazitunziki.

Hatua ya 7: Bajeti

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, kwa hiyo namba zako ziwe tayari mapema kabla ya vikao vya bajeti. Kila mtambo mpya uandikwe pamoja na watu wake kwenye mstari mmoja: kisima, pampu, umeme wa mwezi, waendeshaji watano, mafunzo yao. Wakubwa wakikata watu, mtambo nao ukatwe kwenye mstari huo huo, na ionekane hivyo kwenye karatasi wanayotia saini.