Namna ya kumwandika askari wa kawaida, kwa kumkumbuka Ernie Pyle

Ernie Pyle, mwandishi wa habari za vita kutoka Indiana, Marekani, aliuawa kwa risasi kisiwani Ie Shima tarehe 18 Aprili 1945. Kalamu yake ilikuwa ya askari wa miguu: alimtaja kwa jina na mji wake, mara nyingine hata mtaa wa kwao. Alidai waongezwe malipo, na mwaka 1944 Bunge la Marekani likapitisha nyongeza ya dola 10 kwa mwezi.

Sanamu za askari pale barabara ya Jomo Kenyatta, Mombasa, zinawakumbuka watu wetu kwa jumla. Majina yamo majumbani, na ndiyo ya kufuatwa.

Nenda baada ya alasiri. Wengi waliopigana Bama (Burma, leo Myanmar) katika vita vya pili vya dunia wameshafariki, kwa hiyo utazungumza na watoto wao. Omba feni izimwe. Kwenye rekodi uvumi wake humeza majina. Simu iwe shibiri mbili kutoka kwa msemaji, juu ya kanga iliyokunjwa, la sivyo kila kikombe cha kahawa kikitua mezani kitasikika kama nyundo.

Usianze na "tueleze vita", utapewa historia ya darasani. Uliza marehemu alisema walikula nini. Viatu vilimtosha? Barua alimwandikia nani? Siku aliyorudi, nani alikwenda kumpokea? Mwaka ukisahaulika, uliza ni mtoto yupi alikuwa bado ananyonya. Kisha linganisha na tarehe za vita: Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya Keya (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza), ilipigana bonde la Kabaw mwaka 1944.

Medali usizisugue. Zile za vita vya pili kwa kawaida hazikuchorwa jina, kwa hiyo familia isidhani imebadilishiwa. Ya fedha ya vita vya kwanza iinamishe dirishani, mwanga uje kwa ubavu, usome namba na jina ukingoni.

Cheti cha jeshi kisifungwe kwa plastiki ya moto. Unyevu wa pwani hufungiwa ndani pamoja na karatasi, na plastiki hiyo haitoki tena bila kuchana. Bahasha ya karatasi ndani ya sanduku kavu inatosha. Picha zipige pande zote mbili, maana huenda nyuma pana mwaka.

Ukimaliza, wasomee wenyewe yote kwa sauti. Jina la baba wa marehemu na la mtaa wakuthibitishie herufi kwa herufi, na wanalotaka lisitoke, lifute.