Somo: Kuutafuta ujuzi wa wafanyakazi ndani ya hesabu za kampuni

Ninaliandika mara moja, kwa kuwa swali la wapi ujuzi wa wafanyakazi huonekana katika hesabu za kampuni nimelijibu hadi nimechoka.

Hatua ya 1. Soma maelezo ya gharama za wafanyakazi, yaani ufafanuzi unaoambatana na hesabu.

Hatua ya 2. Tenganisha vibarua na mafundi. Mpakuzi wa magunia Shimanzi, Mombasa, hupatikana asubuhi hiyo hiyo; fundi wa kreni katika bandari ya Kilindini akiondoka, pengo lake huchukua miezi kuzibika.

Hatua ya 3. Usiuandike ujuzi kuwa mali. Nilipokuwa mhasibu mchanga katika kampuni moja ya makontena, niliziingiza gharama za kuwafunza mafundi wanne kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni ya kampuni), nikazigawa kwa miaka mitano, na faida ikanawiri. Mkaguzi aliweka kidole kwenye mstari ule akauliza, "Wakiacha kazi kesho, utawazuia?" Nilinyamaza. IAS 38, kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mali zisizoshikika, yasema kwamba kwa kawaida kampuni haina mamlaka ya kutosha juu ya manufaa ya wafanyakazi wake stadi, na mafunzo ni matumizi ya mwaka huo huo. Tahadhari: kuyaita "mradi" hakuyaokoi. Tena, anayefunza sana huonekana dhaifu kwa faida kuliko jirani anayemnyakulia mafundi, kwa hiyo usiwalinganishe kwa pupa.

Hatua ya 4. Tazama majira. Meneja anayehofia kukimbiwa na mafundi ana sababu ya kuonyesha faida tulivu, ila mazungumzo ya mishahara yakikaribia ana sababu ya kuikondesha. Kagua makadirio ya madeni mabaya, yaani yale ambayo kampuni haitarajii kulipwa. Mkono wake hupita hapo.

MASWALI

— Mwalimu, kwa ufupi, mafunzo niyaandike wapi?
Hatua ya 3. Isome.

— Sijaisoma yote, lakini meneja wetu si mwizi.
Sikusema ni mwizi. Nimesema ana sababu.

— Mbona programu ya kompyuta waliyoiunda wafanyakazi huwa mali, na ujuzi wao siyo?
Umeuliza vyema, dada. Programu hubaki hata waundaji wakihama. Gharama za utafiti ni matumizi, lakini za uundaji huingia mizaniani masharti yakitimia, pamoja na mishahara ya waundaji. Anayeamua kwamba yametimia ni kampuni yenyewe, kwa hiyo penye wataalamu wengi ndipo penye uamuzi mwingi. Uliza tarehe waliyoanza kuzihesabu gharama hizo kuwa mali.

— Tunapunguza watu. Gharama za kuwafunza upya wanaobaki zaingia kwenye tengo, yaani deni la makadirio tunaloliandika kabla ya kulipa?
Haziingii, IAS 37, kanuni ya matengo, yazikataa. Malipo ya wanaoondoka ndiyo huingia, mpango ukishatangazwa kwa wahusika, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yataka angalau siku 15 za mshahara kwa kila mwaka kamili wa kazi. Ukiwa hapo, hesabu pia likizo ambazo hawajazichukua. Mafundi stadi huzilimbikiza, kwani hakuna wa kuwashikia zamu.